Ukweli mtupu: nani alikuchagulia kozi ya chuo kikuu?

MwanaBusia (mwanzisha uzi)

Wakubwa na wadogo, salamu kutoka mpakani Busia, upande wa Uganda.

Matokeo ya Senia Siksi (kidato cha sita) yametoka na kwetu hakulaliki. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alisoma BCM. Amepata B ya Bayolojia, C ya Kemia, D ya Hisabati. Jenero Pepa (karatasi ya maarifa ya jumla) na kompyuta kapita. Pointi 14.

Mzee wetu, polisi mstaafu, anataka awe nesi. Mwanzoni alitaka daktari. Tukamweleza kwamba kwa alama hizi udaktari kwa ufadhili wa serikali tuusahau, akashuka hadi unesi kama mtu anayeshushiwa bei ya kuku sokoni. Binti mwenyewe anataka Sayansi na Teknolojia ya Chakula. Mzee aliposikia jina la kozi akaweka kikombe chini: "Kupika? Mama yako hakwenda chuo kikuu na kila siku tunakula."

Kabla hamjanishauri niseme langu, maana siwezi kuwavua wengine nguo nikabaki na kanzu. Mimi nilisoma HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia. Wakati wetu fomu ya PUJAB, bodi ya pamoja ya udahili wa vyuo vikuu vya umma, ilijazwa shuleni kabla hata ya kuingia kwenye mtihani, yaani unachagua kozi kwa alama ambazo bado huna. Ilikuwa usiku, umeme umekatika, mshumaa mmoja kwa madawati mawili. Jirani yangu alikuwa kichwa cha darasa. Akaandika Ununuzi na Ugavi, nami nikaandika Ununuzi na Ugavi. Nilidhani anajua kitu. Miaka mingi baadaye nikamuuliza kilichomvuta. Akacheka. Kaka yake alimwambia maofisa wa ununuzi hujenga nyumba haraka.

Basi mimi nina digrii niliyoinakili kwa mshumaa, na leo ni wakala wa forodha hapa Busia.

Kwa huyu mdogo wangu najua sababu. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Shule zilikuwa zimefungwa kwa korona, yeye alikuwa Senia Tu (kidato cha pili), anashinda na mimi ofisini akinijazia makaratasi. Alishuhudia foleni ya malori yenye mahindi yanayoota joto ndani ya turubai. Shangazi yetu alikuwa na magunia kwenye mojawapo. Marufuku ilidumu siku chache tu, kisha likaja sharti la cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, lakini shangazi alishauza kwa hasara upande huu. Binti hajaacha kuuliza maswali tangu siku hiyo: ukungu unaingiaje, kwa nini mahindi yakaushwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13 na nusu, nani anapima.

Sasa nauliza. Wewe ulisukumwa na nini kwenye kozi yako? Sitaki lile jibu la kwenye usaili, "tangu utotoni nilipenda kusaidia jamii". Nataka la kweli.

---

Baraksi_Naguru

Baba ndiye aliyejaza. Nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta fomu imeshatiwa saini. Uhasibu. Amri ikitoka baraksi haijadiliwi.

---

Kikuubo_Hapa

Someni mnachotaka, wote tutakutana kwenye bodaboda.

---

BintiBombo

@Kikuubo_Hapa kila uzi wa elimu wewe ni boda, boda. Nenda ukauze.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, na kozi yangu ni ukadiriaji majenzi. Baba alikuwa fundi mwashi, mikono yake ya ajabu, lakini karatasi hakuijua. Nikiwa Praimari Faivu alikuja na mkataba wa nyumba, mkandarasi kamwambia matofali elfu sita. Nikachukua kijiti, nikapima msingi, nikahesabu mchangani. Elfu tisa na kitu. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia nihesabu tena. Nikahesabu tena. Nadhani siku ile alikuwa anapiga hesabu ya nyumba zote alizojenga kabla sijajua kuzidisha.

Hakuna aliyenishauri. Sikujua hata kwamba kazi hiyo ina jina. Mwalimu wa Hisabati ndiye aliyelitamka nikiwa Senia Faivu, nikamwuliza mara mbili: kuna mtu analipwa kuhesabu matofali ya wengine?

Halafu niseme lingine ambalo wanawake tuliopita Makerere hatulisemi sana. Zile pointi 1.5 wanazoongezewa wasichana tangu 1990 ndizo zilizonivusha mlango wa kozi yangu. Bila hizo ningekuwa kwenye kozi nyingine, na leo ningewaeleza kwamba hiyo nyingine ndiyo ndoto yangu. Wavulana walituita "moja na nusu" mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa tatu wakawa wanakuja chumbani kwangu kuazima madaftari.

---

Mafuta_Bado

Hoima hapa. Kaeni mkao wa kusikiliza.

2006 ilipotangazwa kwamba tuna mafuta yanayoweza kuchimbwa kwa biashara, nilikuwa Senia Wani. Kuanzia hapo mji mzima ulikuwa na wazo moja. Padri alihubiri mafuta. Mjomba alinunua shamba lenye majani marefu asijue la nini. Nilipomaliza Senia Siksi hakuna mtu aliyeniuliza nasoma nini, walinitajia: jiolojia ya petroli. Chuoni darasa letu lilikuwa linahesabu mishahara kabla ya kuhesabu tabaka za miamba. Kuna mwenzetu alikuwa na picha ya gari ndani ya jalada la daftari, na chini yake ameandika mwaka atakaolinunua.

Nilihitimu 2015. Bei ya pipa duniani ilikuwa imeanguka, makampuni yanapunguza watu, hayaajiri. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Hesabu mwenyewe miaka saba ya kijana mwenye digrii anayeambiwa na kila jirani, "kwani mafuta bado?" Ndipo nilipopata jina langu la humu.

Leo nauza buti, makoti ya kuakisi mwanga na kofia ngumu kwa mafundi wa bomba. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka huku hadi Tanga, mimi nina mita nne za duka. Silalamiki, linanilisha kuliko ambavyo digrii imewahi kunilisha. Ila @MwanaBusia, binti yenu aliona tatizo kwa macho yake. Sisi tuliisikia habari redioni. Hapo pana tofauti.

Na niwaambie siri: wakipasua mlima kutengeneza barabara bado nasimamisha pikipiki nikaangalia mawe. Mawe nilikuja kuyapenda, lakini hayakuwa ndiyo yaliyonipeleka.

---

Koboko1

Nimesoma wote, sasa niwarudishe kwenye hesabu, maana mapenzi ya kozi bila hesabu ni ndoto za mchana.

@MwanaBusia, pointi 14 ni za kuwatajia majirani. Chuo kinaangalia uzito. Masomo ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, lenye uhusiano nayo kwa 2, na mengine chini ya hapo. A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3. Kwa kozi inayotaka Bayolojia na Kemia mbele na Hisabati nyuma, binti ana 15 na 12 na 6, jumla 33. Kwa kozi inayotaka Hisabati na Kemia mbele na Bayolojia nyuma, ana 9 na 12 na 10, jumla 31. Mtoto yuleyule, karatasi ileile. Watu hukosa kozi kwa nusu pointi, kwa hiyo mbili si chache. Weka juu yake alama za Senia Foo, Jenero Pepa, kompyuta, na ile moja na nusu ya Dada Bombo. Kachukueni mpangilio wa masomo wa kila kozi chuoni kwenyewe, msisikilize watu wa mtaani, mimi nikiwamo.

Hadithi yangu ni fupi. Nilitaka uinjinia wa umeme. Shule yetu haikuwa na maabara ya kuitwa maabara. Kemia tuliiona ubaoni, na Fizikia kwa kufikiria. Niliingia chuo kwa mgawo wa wilaya, zile nafasi zinazotengewa kila wilaya tangu 2005, nikapewa Kilimo. Sikuchagua Kilimo, Kilimo ndicho kilichokuwa cha bure. Baba aliuza ng'ombe mmoja tu, wa godoro na nauli. Ningeng'ang'ania uinjinia kwa kujilipia, angeuza zizi zima na bado ningekwama mwaka wa pili. Kwa hiyo wanaposema "msukumo wa kuchagua kozi", huku kwetu msukumo ni nani analipa.

Na serikali inajua hilo. Inafadhili wanafunzi 4,000 hivi kila mwaka, na tangu katikati ya miaka ya 2000 robo tatu ya nafasi hizo zimeelekezwa kwenye sayansi. Bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2014 nayo imeegemea hukohuko. Mtoto wa maskini anayependa fasihi anaelewa ujumbe bila kutafsiriwa.

---

Mwalimu_HK

Koboko1 umegusa kidonda. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili, ndiyo maana ya HK.

Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa sanaa tulibaki kwenye milioni moja na kidogo. Tukagoma Juni ile, tukarudi darasani mikono mitupu. Chumba cha walimu ni kilekile, chai ileile, chaki ileile. Lakini watoto wana macho. Kabla ya hapo mwanafunzi alikuja kuniuliza kama HEL (Historia, Uchumi na Fasihi) inaweza kumpeleka kwenye sheria au uandishi wa habari. Sasa anauliza, "Mwalimu, wewe unapata ngapi?" Unamjibuje mtoto huyo?

Nimeona wanaokata shauri Senia Faivu hivihivi, kwa mshahara wa mwalimu waliyemwona akishuka kwenye gari na wa yule aliyemwona akitembea. Nina kijana mmoja, anaandika insha za kukufanya uache kusahihisha ukae usome. Yuko PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Fizikia amepata F mihula miwili. Mama yake kaniambia, "Mwalimu, usimharibie."

Mimi mwenyewe nilichaguaje Kiswahili? Nilikulia kambini Mbarara, baba mwanajeshi. Nje ya kambi ukisema Kiswahili watu walifunga madirisha. Enzi za Amin kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki, na baada ya hapo wakakiita lugha ya wezi. Ndani ya kambi ndicho tulichochekea, ndicho mama alichotuimbia. Nikaingia chuo nikachagua somo ambalo darasa zima lilikuwa watu tisa. Niseme ukweli kama ulivyotaka: nilikichagua kwa hasira. Julai 2022 baraza la mawaziri liliporidhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, simu yangu haikukaa. Watu walewale waliofunga madirisha wanaulizia kozi ya jioni.

---

Kikuubo_Hapa

Mwalimu hapo kwa madirisha nimekusoma. Baba yangu naye alitukataza Kiswahili, na leo dukani ndicho kinachonipa wateja wa Kongo na Sudan Kusini.

---

SistaMbale

Nimengoja nione kama kuna nesi mwenzangu atasema. Hakuna, wako zamu.

Nilianza na cheti, miaka miwili na nusu, nikafanya kazi, nikarudi kwa diploma, nikafanya kazi, nikarudi kwa digrii nikiwa na watoto wawili. Sababu? Mama aliugua, mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu wako sita. Nilitafuta kozi fupi yenye mshahara karibu. Ningeambiwa ushonaji ungenilipa haraka zaidi, ningeshona.

Lakini wadi ina tabia yake. Mtu anaweza kuingia kwa ajili ya senti akageuka nesi mzuri, nimewaona, nadhani mimi ni mmoja. Wapo wengine waliotumwa na baba. Saa tisa usiku, mgonjwa wa tano anaita, huyo wa kutumwa unamjua kwa jinsi anavyovuta kiti. Anakivuta kama anakisukuma.

@MwanaBusia, muulize mzee wako anataka unesi kwa nini. Usibishane, muulize tu. Wazee wengi wana mtu mmoja vichwani mwao. Labda alilazwa, labda kuna sista aliyemsaidia.

---

MzeeWaOsukuru

Wajukuu, nimesoma kwa miwani ya kuazima, mnisamehe makosa.

Mnaongea kana kwamba kuchagua kozi ni shauri la mtu na moyo wake, au mtu na mfuko wake. Enzi zetu kozi ilikuchagulia hata nchi. Kuanzia 1963 hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja chenye matawi matatu. Utabibu na kilimo vilikuwa Makerere. Uinjinia na utabibu wa mifugo, Nairobi. Sheria, Dar es Salaam. Aliyeingia alilipiwa, na posho juu, vijana wakaiita bumu.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikwenda Dar 1966 kusoma sheria. Sheria hakuipenda hata chembe. Alikuwa hajawahi kuona bahari. Mtu mzima alitazama orodha ya kozi akatafuta iliyo karibu na maji ya chumvi. Baba yetu alikufa akiamini mwanawe aliitwa na haki za wanyonge, na kaka hakumsahihisha.

Alirudi na Kiswahili kilichotushinda kumwelewa, na kombe la baharini ambalo mama aliwekea chumvi. Akawa wakili mzuri sana. Miaka arobaini. Kwa hiyo mimi sizipimi sababu za mtu siku ya kuingia, huwa hazina adabu.

---

BintiBombo

Mzee nimecheka hadi mtoto kaamka. Bahari!

---

Baraksi_Naguru

Nami niongeze, maana Sista kanigusa. Nilimwuliza baba mwaka jana kwa nini uhasibu. Alisema mhasibu wa jeshi ndiye mtu pekee aliyekuwa na kiti chenye mto.

---

MwanaBusia

Nimerudi. Asanteni wote, hata wa boda.

Nilifanya kama Sista alivyosema. Nilimkuta mzee akipulizia dawa nyanya zake, nikauliza bila kubisha. Akapuliza mistari miwili kabla ya kujibu. Mwaka 1998 alipata ajali ya gari la kazi, alilala hospitali wiki sita. Sisi tulijua ajali. Hatukujua kwamba kulikuwa na nesi aliyekuwa akimsomea gazeti kila jioni kwa sababu macho yalikuwa yamefungwa bandeji. Akasema, "Nilijiambia nikipata binti." Akaishia hapo, akaendelea na nyanya.

Ndugu zangu, nilikuja kushinda ubishi, nikajikuta nashika pampu.

Juzi nikamleta mzee mpakani. Nilimwombea ruhusa kwa jamaa wa maabara, akaoneshwa jinsi mahindi yanavyosagwa, yanavyochanganywa na dawa, na kile kijistari kinachoonesha sumu. Wakamweleza kwamba ukungu huu hauonekani kila mara kwa macho, na kwamba sumu yake ukiila miaka mingi inaharibu ini. Mzee alisimama kama anakagua gwaride. Njiani kurudi akauliza maswali mawili tu: kama mtu wa kazi hii anavaa sare, na kama ana pensheni. Nikamtajia shirika la viwango la UNBS na viwanda vya unga. Akaguna. Mnaomjua mzee mnajua kuguna huko kuna maana gani.

Fomu imejazwa. Chakula namba moja, unesi namba mbili, ya tatu na kuendelea tulimwachia Koboko1 na mahesabu yake, tulipiga simu usiku wa manane, samahani kwa mkeo.

Sasa lililonileta. Jana nilimsomea mdogo wangu uzi huu wote. Nilipofika pale nilipoandika "kwa huyu najua sababu", malori, shangazi, joto la turubai, akanikatiza.

"Kaka, mimi sikuwa naangalia mahindi."

Nikamwuliza alikuwa anaangalia nini.

"Yule mama mwenye koti jeupe. Madereva wote, mabosi wote, na wewe, mlisimama juani mnamngoja. Alikunywa chai yake akamaliza."

Orodha ya waliopata ikitoka nitaiweka hapa.